Nyumba Ipo, Chakula Je?

Je, mama, umewahi kufikiri kwamba mzee anaweza kuwa na nyumba yake na bado akalala na njaa? Huko Singapore familia nyingi huishi katika ghorofa zilizojengwa na shirika la serikali, HDB, ambazo huuzwa kwa hati ya miaka 99. Mtu akistaafu, mali yake kubwa ni hiyo nyumba. Lakini kuta haziliwi.

Tangu mwaka 2009 ipo njia. Siku hizi mwenye nyumba aliyefikisha miaka 65 anaweza kuiuzia HDB miaka ya mwisho ya hati yake, akibakiza ya kumfikisha angalau umri wa miaka 95. Hahami. Fedha huingia kwanza katika akiba yake ya uzeeni, naye hulipwa kila mwezi maisha yake yote. Akifariki mapema, warithi hurudishiwa thamani ya miaka iliyosalia.

Hata hivyo, urithi hupungua, na nyumba hiyo haiuzwi tena sokoni. Kwa hiyo wazazi na watoto waketi pamoja kabla ya kutia sahihi. Mtoto asinung'unike mama anapokula jasho lake mwenyewe.