Ripoti safi, kiwanda kichafu: Mwenye hisa asome nini?

Jumatatu ya Julai 6, 2020, hisa za kampuni ya nguo ya Boohoo yenye makao yake Manchester, Uingereza, zilishuka kwa asilimia 23 katika soko la London. Thamani ya zaidi ya pauni bilioni 1 ilitoweka siku hiyo moja. Kampuni haikuwa imetangaza hasara. Mauzo yake hayakuwa yameanguka, wala haikuwa na deni lililoishinda kulipa. Kilichoiangusha ni mishahara ya watu ambao haikuwaajiri yenyewe.

Siku moja kabla, gazeti la Sunday Times lilikuwa limeandika kwamba katika kiwanda kimoja cha ushonaji mjini Leicester, kilichokutwa kikishughulikia nguo zenye nembo za kundi hilo, mfanyakazi aliahidiwa ujira wa pauni 3.50 kwa saa. Kima cha chini cha kisheria wakati huo kwa mtu wa miaka 25 na zaidi kilikuwa pauni 8.72. Maana yake ni kwamba mshonaji angepata kiasi cha senti 40 katika kila shilingi aliyostahili.

Tukio hilo limebaki kuwa somo zuri kwa mwekezaji mdogo na mfanyabiashara yeyote anayenunua hisa za kampuni inayotegemea viwanda vya watu wengine. Linaonyesha jinsi taarifa za kampuni kuhusu wafanyakazi wa wazabuni wake zinavyoandikwa, zinachoweza kuficha, na jinsi bei ya hisa inavyokuja kulipa deni hilo baadaye.

Mlolongo wenye ngazi nyingi

Kampuni ya aina ya Boohoo kazi yake kubwa ni kubuni mitindo, kutangaza na kuuza. Kushona huachiwa wazabuni. Mzabuni anayepokea oda ndiye wa ngazi ya kwanza, na jina lake limo katika vitabu vya mnunuzi. Lakini oda ikiwa kubwa na muda ukiwa mfupi, mzabuni huyo humpasia mwenzake sehemu ya kazi, naye huweza kuipasia kwa mwingine. Vazi linarudi kwa mnunuzi likiwa na karatasi za mzabuni wa kwanza, ingawa limepita katika mikono ambayo mnunuzi haijui.

Ndivyo ilivyokuwa Leicester. Baada ya habari ile kutoka, Boohoo ilieleza kwamba kiwanda kilichotajwa hakikuwamo katika orodha ya wazabuni wake, na kwamba jengo lile lilikuwa likitumiwa na kampuni nyingine. Huenda maelezo hayo yalikusudiwa kuwatuliza wanahisa. Kwa mwekezaji makini yalikuwa na maana tofauti kabisa: kampuni ilikuwa haijui nguo zake zinashughulikiwa na nani. Wiki hiyo hiyo, kampuni ya uwekezaji ya Standard Life Aberdeen iliuza sehemu kubwa ya hisa zake, ikisema haikuridhishwa na namna Boohoo ilivyolijibu suala hilo. Wauzaji wakubwa wa rejareja wakiwamo Next na Asos waliziondoa nguo za kundi hilo katika maduka yao ya mtandao.

Sheria inadai nini?

Uingereza ina Sheria ya Utumwa wa Kisasa ya mwaka 2015. Inaitaka kila kampuni yenye mauzo ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka kutoa taarifa ya hatua inazochukua kuhakikisha kwamba hakuna utumwa wala kazi za kulazimishwa katika shughuli zake na za wazabuni wake. Taarifa hiyo huidhinishwa na bodi na kutiwa saini na mkurugenzi.

Inasikika kuwa sheria kali. Lakini ukiisoma kwa makini, inaruhusu kampuni kutamka kwamba haijachukua hatua yoyote, na kwa tamko hilo ikawa imetimiza wajibu wake. Sheria inadai karatasi. Haidai kwamba mshonaji awe amelipwa ipasavyo. Ndiyo maana taarifa nyingi za aina hii hujaa maneno kama "tunaamini", "tunasisitiza" na "tunawataka wazabuni wetu", huku idadi ya viwanda vilivyokaguliwa na vilivyoshindwa ikikosekana.

Umoja wa Ulaya ulijaribu kwenda mbali zaidi. Viwango vya taarifa ilivyopitisha Tume yake mwaka 2023 vina sehemu nzima inayohusu wafanyakazi walio katika mlolongo wa thamani wa kampuni. Sehemu hiyo inaitaka kampuni ambayo jambo hilo ni zito kwake ieleze sera zake, njia ambazo wafanyakazi hao wanaweza kufikishia malalamiko, hatua zilizochukuliwa na malengo yaliyowekwa. Hata hivyo, mwaka 2025 umoja huo uligeuka na kuanza kuahirisha tarehe na kupunguza idadi ya kampuni zitakazobanwa, baada ya wenye viwanda kulalamikia gharama. Kwa hiyo mwekezaji asitegemee kwamba sheria itamfanyia kazi ya kuuliza maswali.

Waliopewa alama nzuri

Jambo lililowashangaza wengi katika soko la London ni kwamba kabla ya habari ile Boohoo ilikuwa na alama nzuri. Kampuni ya MSCI, ambayo hupanga makampuni kwa madaraja kufuatana na mwenendo wao kwa mazingira, jamii na utawala, ilikuwa imeipa daraja la AA. Hilo ni la pili kwa ubora kati ya madaraja saba. Baadhi ya mifuko ya uwekezaji iliyojitangaza kuwa ya maadili ilikuwa ikimiliki hisa zake.

Iliwezekanaje? Mpangaji wa madaraja hutegemea kwa sehemu kubwa yale ambayo kampuni yenyewe imeyachapisha: sera, kanuni kwa wazabuni, na ahadi ya kukagua. Kampuni yenye sera iliyoandikwa vizuri hupata alama kwa kuwa na sera. Kama sera hiyo inafika hadi kwenye cherehani ni swali jingine, nalo halijibiwi na mtu aliyekaa ofisini akisoma taarifa.

Wakati huo huo, dalili zilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuziona. Chuo Kikuu cha Leicester kilitoa utafiti kuhusu ujira duni katika viwanda vya mji huo mwaka 2015. Financial Times iliandika habari ndefu juu ya viwanda hivyo Mei 2018. Kamati ya Bunge la Uingereza ya mazingira iliwaita wauzaji wa nguo, Boohoo wakiwamo, na kutoa ripoti yake Februari 2019. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichokuwa siri.

Hesabu ya gauni la pauni tano

Katika kamati hiyo lilijitokeza swali ambalo mfanyabiashara yeyote wa sokoni angeliuliza: gauni linauzwaje kwa pauni 5? Kampuni ilieleza kwamba magauni hayo ni chambo cha kuvutia wateja, wala siyo bei ya bidhaa zake zote.

Hata hivyo hesabu yenyewe inafaa kupigwa. Chukua kwa mfano gauni linalohitaji nusu saa tu ya kazi. Kwa kima cha chini cha mwaka 2020, ujira wa nusu saa ni pauni 4.36. Zinabaki peni 64 za kulipia kitambaa, uzi, umeme, pango, usafiri, kodi na faida ya kila mmoja aliye njiani. Haiwezekani. Ama muuzaji anakula hasara, ama kuna mtu chini kabisa anayelipwa pungufu. Bidhaa ya namna hiyo ikiwa moja katika mia, ni chambo kweli. Ikiwa bei ya kutupa ndiyo biashara yenyewe, mwenye hisa anapaswa kujua kwamba faida anayoiona kwenye mizania huenda imekopwa kutoka mfukoni kwa mshonaji, na mkopo huo una siku yake ya kudaiwa.

Kilichofuata

Boohoo ilimpa mwanasheria Alison Levitt kazi ya kuchunguza. Ripoti yake ya kurasa 234 ilitolewa Septemba 25, 2020. Alisema hakupata ushahidi kwamba kampuni au maofisa wake walitenda kosa la jinai. Lakini alithibitisha kwamba madai kuhusu mazingira ya kazi na ujira duni yalikuwa ya kweli kwa sehemu kubwa, na kwamba si baadaye ya Desemba 2019 wakurugenzi waandamizi walikuwa wanajua kuna matatizo makubwa Leicester. Siku hiyo bei ya hisa ilipanda. Soko lilifurahi kwamba mambo hayakuwa mabaya zaidi.

Novemba mwaka huo jaji mstaafu Sir Brian Leveson aliteuliwa kusimamia marekebisho. Machi 2021 kampuni ilichapisha kwa mara ya kwanza orodha ya wazabuni wake wa Uingereza. Walikuwa 78, baada ya wengine 64 kuachwa. Baadaye ilifungua kiwanda chake yenyewe Leicester kiwe cha mfano.

Lakini Novemba 2023 kipindi cha Panorama cha BBC kilidai kwamba wafanyakazi wa makao makuu walikuwa wakiwabana wazabuni washushe bei, hata kwa oda ambazo zilikwisha kukubaliwa. Januari 2024 kampuni ilitangaza kukifunga kile kiwanda cha mfano. Mwaka huo huo kundi la wawekezaji wakubwa lilianza hatua za kisheria kudai fidia. Hisa ambazo ziliingia sokoni Machi 2014 kwa peni 50, zikapanda hadi kupita peni 400 Juni 2020, zilikuwa zimerudi chini ya zile peni 50 za mwanzo. Ni kweli ushindani na kupanda kwa gharama vilichangia sana anguko hilo. Lakini imani iliyovunjika Julai 2020 haikurudi kamwe. Machi 2025 kundi hilo lilianza kujiita Debenhams Group.

Maswali matano

Mwenye hisa chache hawezi kwenda kukagua viwanda. Anachoweza ni kuisoma ripoti kwa jicho la mnunuzi wa sokoni. Kwanza, je, kampuni imechapisha majina na mahali vilipo viwanda vinavyoifanyia kazi, au inasema tu kwamba inawajua? Pili, inataja viwanda vingapi vimekaguliwa, na vingapi vilishindwa? Ripoti isiyo na kiwanda hata kimoja kilichoshindwa ni ya kutiliwa shaka kuliko yenye vingi. Tatu, ukaguzi ni wa kushtukiza au mzabuni hupewa taarifa mapema akaficha daftari la pili? Nne, kuna kanuni gani juu ya mzabuni kuipasia kazi kwa mwingine? Tano, ripoti inasema lolote kuhusu bei na muda wa oda? Mnunuzi anayedai ujira halali huku akishusha bei kila msimu anaomba vitu viwili visivyokaa chungu kimoja.

Maswali hayo si ya Uingereza peke yake. Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wake wa taarifa za mazingira, jamii na utawala Novemba 2021. Kampuni za Afrika Mashariki nazo zina watu wanaozifanyia kazi bila kuwamo katika orodha yao ya mishahara: wakulima wa tumbaku, wa shayiri na wa majani ya chai, vibarua wa mawakala, madereva wa kukodi. Mkutano mkuu wa mwaka ndipo mahali pa kuuliza, na mwenye hisa 100 ana haki ya kusimama na kuuliza sawa na mwenye hisa milioni. Asipojibiwa kwa tarakimu, hilo nalo ni jibu, na aliweke katika hesabu yake kabla ya kumpigia dalali simu.