Samaki Asiyeoza: Ufundi wa Kutengeneza Sanamu za Samaki

Katika soko la Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, samaki wengi wanaoonekana wamekwisha kukaushwa. Dagaa wa Ziwa Viktoria hupita hapo kwa magunia wakielekea Zambia na Kongo. Mkaushaji wa samaki hutaka kuhifadhi nyama, wala umbo na rangi si shughuli yake. Yuko fundi mwingine ambaye kazi yake ni kinyume kabisa, kwani yeye nyama huitupa, akahifadhi umbo na rangi. Huyo ndiye atengenezaye sanamu za samaki ambazo wavuvi wa ndoana, hasa wa nchi za nje, hupenda kuzitundika ukutani kuwa ukumbusho wa samaki mkubwa waliyempata. Makala haya yanaeleza sayansi ya ufundi huo, na kwa nini ungefaa kuingia katika shule za Mkoa wa Songwe.

Ufundi wa kujaza ngozi za wanyama si mgeni kabisa Afrika Mashariki. Mtaa wa Zimmerman jijini Nairobi ulipata jina lake kutokana na fundi wa kazi hiyo, aliyewahudumia wawindaji kabla Kenya haijapiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Lakini fundi aliyezoea ngozi ya swala hupata taabu afikapo kwa samaki. Rangi ya swala imo katika manyoya yake, nayo hubaki hata ngozi ikauke miaka mingi. Ngozi ya samaki haina manyoya. Ni nyembamba, ina mafuta mengi hasa kichwani, na mapezi yake husinyaa yakikauka. Mafuta hayo huendelea kuvuja polepole kwa miaka, yakageuka manjano na kuiharibu rangi iliyopakwa juu. Kambare, ambaye hana magamba, ni mgumu zaidi, kwa kuwa ngozi yake hujikunja kama karatasi iliyolowa.

Huenda msomaji akauliza rangi ya samaki huenda wapi. Katika ngozi ya samaki zimo seli maalumu za rangi. Baadhi zina melanini, yaani rangi nyeusi. Nyingine zina karotenoidi, ambazo ni nyekundu na manjano. Na nyingine zina fuwele za guanini, zinazoakisi mwanga na kutoa mng'ao wa fedha. Samaki aliye hai huzitawala seli hizi kwa neva na homoni. Perege, ambaye wengi wa kusini magharibi humwita gege, hugeuka mweusi au mweupe, na milia yake hutokea na kutoweka, kufuatana na hofu au hasira yake. Akifa, utawala huo hukoma. Akitiwa katika spiriti, karotenoidi huyeyuka na kutoka, na mng'ao hufifia. Kinachobaki ni weusi wa melanini juu ya mwili wa rangi ya udongo. Ndiyo maana samaki wote wa kwenye chupa za maabara hufanana, nasi huwafundisha wanafunzi kana kwamba ndivyo walivyoumbwa.

Mfano mashuhuri kuliko yote ni wa silikanti. Mwezi Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho wa mji wa East London, Afrika Kusini, alimwona samaki wa ajabu katika shehena ya meli ya uvuvi. Hakupata fomalini ya kutosha wala chumba cha baridi, na joto lilikuwa kali. Basi akampelekea fundi wa kujaza ngozi. Ngozi ikapona, matumbo na matamvua yakatupwa. Mtaalamu wa samaki J. L. B. Smith alipofika Februari 1939, alitambua kwa ngozi ile tu kwamba huyu ni wa kundi lililodhaniwa kutoweka tangu zama za dainosaria. Hata hivyo ilimbidi angoje miaka 14, hadi Desemba 1952, apate wa pili kutoka visiwa vya Komoro ndipo viungo vya ndani vichunguzwe. Tangu mwaka 2003 silikanti wamenaswa pia katika nyavu za wavuvi wa Tanzania, wengi wao katika maji ya Tanga. Aliye hai ana rangi ya buluu iliyoiva yenye mabaka meupe. Aliyehifadhiwa huwa wa kahawia. Fundi mmoja wa mkoani aliiokoa elimu, lakini rangi hakuweza kuiokoa.

Kwa sababu hizo mafundi wengi wa leo wameiacha ngozi. Hutengeneza sanamu nzima kwa faibaglasi, wakaipaka rangi kwa kufuata picha na vipimo. Samaki mwenyewe si lazima afe: mvuvi humpiga picha, humpima urefu na mzingo, kisha humrudisha majini. Kwa maoni yangu hayo ni maendeleo makubwa, ila yana hatari yake. Sanamu inaweza kupendeza sana na bado ikasema uongo.

Tumtazame perege wa Ziwa Rukwa. Ziwa hilo halina mto unaotoka, maji yake hupanda na kushuka sana, na sehemu ya ufuko wake imo katika Wilaya ya Songwe. Perege huyo alielezwa kisayansi mwaka 1903 na Wajerumani Hilgendorf na Pappenheim, kutokana na vielelezo vilivyopelekwa Berlin, naye leo anaitwa Oreochromis rukwaensis. Mwaka 1996 Lothar Seegers alitoa kitabu kizima juu ya samaki wa bonde hilo. Vielelezo vya Ulaya vina thamani kubwa, lakini ni vya kwenye chupa. Samaki mbichi, mwenye rangi zake, hupatikana mwaloni, na mwalo uko Rukwa. Mwalimu wa Songwe ana kitu ambacho makumbusho ya Berlin hayawezi kukipata kwa posta.

Kazi yenyewe haihitaji mashine. Samaki apigwe picha palepale atokapo majini, pembeni yake pawe na rula. Aoshwe kwa maji ya shabu au siki ili ute utoke, maana ute ukibaki huziba alama za magamba. Alazwe ubavu katika mchanga uliolowa hadi nusu ya unene wake, mapezi yatandazwe juu ya udongo wa mfinyanzi, kisha amwagiwe uji wa plasta, ule unga wa jasi ambao mafundi wa dari huuita jipsamu. Jasi ikichomwa kwa joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi hupoteza robo tatu ya maji yaliyomo ndani yake. Unga huo ukirudishiwa maji huyanywa, hugeuka jiwe tena, na hutoa joto. Hapa mwalimu awe mkali: mwanafunzi yeyote asitumbukize mkono katika plasta. Mwaka 2007 huko Uingereza msichana wa shule aliyefanya hivyo katika somo la sanaa aliungua, akapoteza vidole vyake vingi.

Plasta ikishika, samaki hutolewa, nayo huwa kalibu. Ikikauka ipakwe sabuni, kisha itandikwe ndani yake tabaka za vipande vya karatasi vilivyolowekwa katika uji wa ngano. Sanamu ya karatasi hutoka kwa urahisi bila kuivunja kalibu, na kalibu moja hutoa nyingi.

Katika kupaka rangi ndipo fundi hujulikana. Mgongo wa samaki ni mweusi na tumbo ni jeupe, kwa kuwa mwanga hutoka juu. Mpaka wa rangi hizo mbili haupo, zinayeyukiana. Mboni ya samaki wengi si duara kamili, bali imechongoka kidogo upande wa mbele. Tena perege ana tundu moja tu la pua kila upande, na mstari wake wa ubavuni umekatika vipande viwili: kipande cha mbele kiko juu, cha nyuma kiko chini. Mwanafunzi anayechora mstari mmoja mzima amechora samaki wa ukoo mwingine. Afadhali ahesabu magamba ya mstari huo juu ya kalibu kabla hajashika brashi.

Nyuma ya sanamu yaandikwe mahali, tarehe, urefu, mzingo, uzito, na muda uliopita kati ya kuvuliwa na kupigwa picha, kwani perege aliyekaa katika ndoo kwa dakika chache tu huwa amekwisha kubadili rangi.