Afya: Uzi wa sezariene, mambo ambayo mama anapashwa kuuliza kabla ya kurudi nyumbani

Mashariki mwa Kongo, familia nyingi hukutana na neno «uzi» kwenye ordonansi. Mama yuko karibu kuingia chumba cha upasuaji, na mume ao dada yake anatumwa famasi kununua glavu, seramu, antibiotiki na uzi. Muuzaji anauliza: uzi gani? Wengi wananyamaza, kisha wanachukua ule wa bei ndogo.

Je, wamekosea? Inategemea uzi huo unaenda kushona nini. Katika sezariene mganga hushona kwanza mfuko wa uzazi, kisha utando mgumu wa tumbo, mwisho ngozi.

Zamani mfuko wa uzazi haukushonwa. Mwaka 1879 huko Bunyoro, ng'ambo ya Ziwa Albert, Mwingereza Robert Felkin alimuona mganga wa kienyeji akimpasua mama aliyenyweshwa pombe ya ndizi. Tumbo lilifungwa kwa vyuma vyembamba 7 na kamba ya gome la mti, na siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona. Ulaya wakati huo mama wengi waliopasuliwa walikufa. Ni mwaka 1882 ndipo Mjerumani Max Sänger alionyesha faida ya kushona mfuko wenyewe.

Leo kwa mfuko huo hutumiwa sana katiguti, inayotengenezwa kwa matumbo ya kondoo ao ng'ombe, ao poliglaktini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Vicryl. Zote mbili huyeyuka mwilini. Utafiti wa CORONIS, uliotolewa mwaka 2013, ulifuata zaidi ya mama 15 000 katika inchi 7, zikiwemo Kenya na Sudan. Haukuona tofauti kubwa kati ya nyuzi hizo mbili, hata mama hao walipotazamwa tena miaka 3 baadaye. Basi mama aliyeshonwa mfuko kwa katiguti asiingiwe na woga.

Kwenye ngozi ni mambo mengine. Utafiti wa New York wa mwaka 2017 ulilinganisha uzi laini wa unyuzi mmoja na uzi uliosukwa: matatizo ya kidonda yalikuwa 8,8% kwa wa kwanza na 14,4% kwa wa pili. Na vidonda vilivyobanwa kwa vyuma vidogo hufunguka mara nyingi kuliko vilivyoshonwa.

Lakini uzi mzuri hauokoi kidonda kilichochafuliwa. Antibiotiki inapashwa kutolewa kabla ya kisu kugusa ngozi. Katika utafiti mwingine juu ya operesheni za tumbo, uliofanyika katika inchi 7, Rwanda ikiwemo, na kutolewa mwaka 2022, kubadilisha glavu na vyombo kabla ya kufunga kidonda kulishusha maambukizi kutoka 18,9% hadi 16%. Glavu, tena! Kitu ambacho famasi yoyote ya mtaani inacho.

Shida ingine huanza siku ya kutoka hospitali. Mama anarudi nyumbani bila kujua kama uzi wa ngozi utayeyuka ao utatolewa. Uzi usioyeyuka, ukiachwa wiki nyingi, unaweza kuleta usaha. Na kuna wanaojikatia wenyewe kwa wembe, jambo la hatari sana. Ulizeni muuguzi: uzi huu unatolewa? Siku gani? Nani atautoa, na kwa bei gani? Jibu liandikwe kwenye karatasi ya kutoka, maana safari ingine huenda mganga akawa mwingine.

Mama akipata homa, kidonda kikitoa usaha ao harufu mbaya, kikifunguka, maumivu yakizidi badala ya kupungua, ao damu ikitoka nyingi, arudi hospitali siku ileile. Asingoje tarehe ya kutoa uzi, hata kama deni la kujifungua halijalipwa lote.