Hodi ya Pili: Uthibitishaji na Ufufuaji wa Kikao katika Hifadhi za Mtandao

Makala haya yana madhumuni mawili: kueleza namna kompyuta inavyofungua upya mazungumzo yake na hifadhi ya mbali baada ya mawasiliano kukatika, na kupambanua istilahi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa, yaani utambulisho na uthibitishaji. Suala hili linatugusa sisi wa Bukavu. Ingawa mto Ruzizi huzalisha umeme mlangoni petu, umeme huo hukatika mara kwa mara. Na idara inayoweka rekodi za masimulizi ya Kiswahili, Mashi au Kilega katika diski za mbali inaweza kupoteza sauti ya mzee ambaye hatunaye tena.

Tuchukue mfano wa itifaki iitwayo iSCSI, iliyosanifiwa mwaka 2004 na kurekebishwa mwaka 2014. Itifaki hii huiwezesha kompyuta kutumia diski iliyo mbali kana kwamba imo ndani yake. Kabla ya kusoma au kuandika chochote, kompyuta hupiga hodi: hutaja jina lake na, ikitakiwa, huthibitisha kuwa ndiyo yenyewe. Njia iliyozoeleka ya kuthibitisha ni CHAP, ambayo maelezo yake yalitolewa mwaka 1996. Mwendo wake unafanana na kitendawili. Hifadhi hutega kwa kutuma namba ya kubahatisha. Kompyuta huichanganya namba hiyo na neno la siri kwa hesabu isiyorudishika nyuma, kisha hutuma jibu tu. Hifadhi, ambayo nayo inalijua neno hilo, hufanya hesabu ileile na kulinganisha. Siri yenyewe haipiti njiani. Hata hivyo, adui aliyenasa fumbo na jibu lake anaweza kujaribu maneno mengi kwa faragha yake. Kwa hiyo kanuni zinataka siri isipungue biti 96, isipokuwa mawasiliano yote yamelindwa kwa usimbaji.

Hodi ikikubaliwa, kikao huanza. Kikao hutambulishwa kwa namba mbili, moja ikitolewa na kompyuta na nyingine na hifadhi. Kila amri nayo hupewa namba ya mfuatano. Mawasiliano yakiharibika, zipo ngazi tatu za ufufuaji. Katika ngazi ya 0, kikao chote hufungwa na kuanzishwa upya, na kompyuta hurudia amri ambazo hazikukamilika. Katika ngazi ya 1, vipande vilivyoharibika njiani huweza kuombwa tena bila kufunga kikao. Katika ngazi ya 2, njia mpya hushika nafasi ya iliyokatika, na kazi huendelea ilipoachwa. Pande mbili zisipopatana vinginevyo, kompyuta husubiri sekunde 2 kabla ya kurudi, na baada ya hapo kazi zake huweza kuokolewa kwa muda wa sekunde 20.

Hapa ndipo istilahi zetu zinapohitaji kutenganishwa. Namba ya kikao ni utambulisho: inaonyesha kikao kipi kinakusudiwa, lakini haithibitishi ni nani anayesema. Kwa sababu hiyo, palipo na ulinzi, hodi ya pili huwa kamili kama ya kwanza, kwa fumbo jipya. Kama hifadhi ingeridhika na namba peke yake, yeyote aliyeisikia angeweza kukivunja kikao cha mwenzake au kukitwaa.

Yafaa pia kukumbuka kwamba kufufua kikao si kufufua data. Kompyuta ikizimika, yale yaliyokuwa katika kumbukumbu yake ya muda tu, bila kutumwa, hupotea kabisa. Hivyo mwenye kurekodi hana budi kuhifadhi kazi yake mara kwa mara, na betri ya akiba iwekwe kwenye kompyuta, kwenye vifaa vya mtandao na kwenye hifadhi yenyewe.

Kwa kumalizia, tunapendekeza neno «hodi» lipewe nafasi katika istilahi hizi. «Kuingia» hutaja kuvuka kizingiti tu, «hodi» hubeba pia swali la mwenyeji, na mwenyeji aulizapo «Nani?», jibu «Ni mimi» halitoshi.