Kampuni ikifungwa, nani hulipwa kwanza?

MWENYE duka la rejareja pale Mazwi, mjini Sumbawanga, hasubiri tangazo ili ajue kuwa mwajiri fulani ameyumba. Daftari la madeni humwambia mapema. Mteja aliyekuwa akimaliza deni lake kila mwisho wa mwezi huanza kulipa nusu, kisha huomba asubiriwe, kisha hubadili njia ya kurudi nyumbani ili asipite mbele ya duka.

Mama lishe naye huona sahani zinapungua. Mshahara wa mtu mmoja mjini hupita katika mikono mingi: fundi cherehani, muuza samaki wa Ziwa Rukwa, mwenye mashine ya kusaga, hadi mkulima wa maharage aliyeshuka na gunia lake kutoka kijijini. Kwa hiyo mgogoro wa wafanyakazi na mwajiri wao si habari ya viwanda vya Dar es Salaam peke yake. Humfikia hata mtu ambaye hajawahi kuajiriwa siku moja.

Kwa watu wa Rukwa, shule ya karibu ya mambo haya ni reli. Tawi la reli linalotoka Kaliua hadi Mpanda, lenye urefu wa kilometa 210 hivi, lilikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa mpaka Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012. Kabla ya barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga kuwekwa lami, mwenye mahindi aliyetaka soko la Tabora au Mwanza ilimbidi aitazame Mpanda. Treni ikigoma, mzigo ulilala.

Wafanyakazi wa reli hiyo wamebadilishiwa mwajiri mara kadhaa bila wao kuhama stesheni, na kila mara swali lilikuwa lile lile: haki zetu za zamani atazilipa nani?

Miaka 28 ya kusubiri

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Mashirika yake ya reli, bandari, posta na simu, na ndege yaligawanywa, na Tanzania ikaunda ya kwake, likiwamo Shirika la Reli Tanzania (TRC). Wengi waliendelea na kazi ile ile na sare ile ile. Lakini mwajiri aliyewaajiri alikuwa amekufa, na pamoja naye mfuko wa pensheni na akiba zao uliingia katika hesabu za mgawanyo wa mali kati ya nchi tatu.

Usuluhishi uliongozwa na Dk. Victor Umbricht wa Uswisi, na makubaliano yalitiwa saini Arusha mwezi Mei 1984. Kenya ilipewa asilimia 42 ya mali, Tanzania 32 na Uganda 26. Kila nchi ilichukua jukumu la kuwalipa raia wake waliokuwa watumishi wa jumuiya hiyo.

Kwenye karatasi, suala lilikuwa limekwisha. Kwa mzee aliyerudi kijijini na cheti chake cha utumishi, ndipo lilipoanza. Mwaka 2003 wastaafu 31,831 walikuwa mahakamani jijini Dar es Salaam wakiidai Serikali. Septemba 2005 pande mbili zilifikia makubaliano ya kulipwa shilingi bilioni 117. Ukizigawa sawa kwa sawa ni kama shilingi milioni 3.7 kwa kila mtu, baada ya kusubiri miaka 28. Ni kweli hawakulipwa sawa, kwani kila mmoja alikuwa na cheo na miaka yake. Lakini hesabu hiyo inatosha kuonyesha ukubwa wa kilichosalia baada ya muda kula sehemu yake. Baadhi ya wazee walirudi mahakamani wakisema walichopata ni kidogo kuliko walichostahili. Wengine hawakuwapo tena, na warithi ndio waliokwenda kupanga foleni wakiwa na vyeti vya vifo na barua za mirathi.

Aliyekuwa ametunza barua yake ya ajira na hati zake za mshahara alikuwa na cha kuonyesha dirishani. Aliyezipoteza katika kuhama au katika moto wa nyumba alianza kwa kuthibitisha kwamba aliwahi kuajiriwa.

Reli yapata mwajiri mwingine

Oktoba 2007 TRC iliondoka jukwaani na nafasi yake ikachukuliwa na Kampuni ya Reli Tanzania (TRL). Kampuni ya RITES ya India ilikuwa na asilimia 51 ya hisa na Serikali asilimia 49, kwa mkataba wa miaka 25. Haukufika hata miaka mitano.

Kuanzia mwaka 2008 wafanyakazi waligoma mara kadhaa wakidai nyongeza ya mishahara waliyosema waliahidiwa. Abiria walikwama stesheni, na Serikali, ambayo ilikuwa imekodisha reli ili ipumzike na mzigo huo, ilijikuta ikitoa fedha za kusaidia kulipa mishahara. Kisha mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yakabomoa njia kati ya Kilosa na Gulwe. Serikali ikaamua kuuvunja mkataba, na mwaka 2011 kampuni ikarudi mikononi mwake yote. Mwaka 2017 sheria mpya ya reli iliunganisha TRL na kampuni iliyokuwa ikimiliki miundombinu, na jina la TRC likarudi, sasa kama Shirika la Reli Tanzania lile lile kwa jina, ila jipya kisheria.

Wapo waliosema migomo ndiyo iliyoiua TRL. Hoja hiyo ni nyepesi mno. Kampuni yenye vichwa vya treni vichache, njia mbovu na wanahisa wasioelewana haiuawi na mgomo wa siku chache. Mgomo hufichua ugonjwa uliokuwapo. Lakini ni kweli pia kuwa mwenye gunia pale Mpanda hakujali nani mwenye makosa. Yeye alitafuta lori, akalipa zaidi, na wengine hawakurudi tena relini.

Ndugu zao wa TAZARA, wanaopita Tunduma na Mbeya, nao waligoma zaidi ya mara moja kati ya 2012 na 2015 kwa sababu ya mishahara ya miezi iliyolimbikizwa. Hapo ndipo lilipo jambo ambalo wafanyakazi wengi hawalioni. Mtu anayefanya kazi miezi minne bila kulipwa tayari amekubali kupunguziwa. Amemkopesha mwajiri wake, tena bila riba, bila dhamana na bila maandishi.

"Tuvumiliane"

Mwajiri anayezama huja na ombi moja kwa sura tofauti. Mara huomba mshahara usubiri. Mara huomba upunguzwe. Mara nyingine, na hii ndiyo sura yenye ujanja zaidi, huomba sehemu ya mshahara igeuzwe kuwa posho ili "kupunguza makato". Mkononi mfanyakazi huona fedha ile ile, na hufurahi.

Kinachobadilika hakionekani mpaka siku ya kufungwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayeachishwa kwa sababu za kibiashara kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili wa kazi, isizidi miaka 10. Chukua mtu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 260,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya sheria hiyo, wiki yake moja ni karibu shilingi 60,000. Akiwa amefanya kazi miaka 14, huhesabiwa 10 tu, hivyo kiinua mgongo ni kama 600,000. Sasa mgeuzie nusu ya mshahara kuwa posho miaka miwili kabla ya kampuni kufungwa: kiinua mgongo kinashuka hadi 300,000.

Hilo halimaanishi kwamba kulegeza ni ujinga. Wakati mwingine huokoa kazi. Swali ni kulegeza kwa malipo ya nini, na kwa muda gani.

Nchini Marekani, kampuni ya mikate na keki ya Hostess iliingia katika ulinzi wa mahakama mwaka 2004 ikielemewa na madeni. Wafanyakazi walikubali kupunguziwa, na kampuni ikatoka mwaka 2009. Mwaka 2011 ikaacha kupeleka michango ya pensheni iliyokubaliwa katika mikataba. Januari 2012 ilirudi tena mahakamani, na safari hii ikataka mshahara ukatwe asilimia 8. Chama cha madereva kilikubali kwa kura zilizokaribiana. Chama cha waokaji kilikataa na kugoma Novemba 2012. Wiki moja baadaye kampuni ilitangaza kufunga, na ajira 18,500 zikapotea, za waliokubali na za waliokataa. Majina ya keki zake yaliuzwa mwaka uliofuata kwa dola milioni 410, na mikate mingine ikauzwa kwa wengine.

Wengi waliwalaumu waokaji. Lakini waokaji walikuwa wamekwisha kutoa mara moja, na walichotoa hakikununua kiwanda kipya wala malori mapya. Kilinunua muda tu.

Saa ya sheria

Kwa Tanzania, mwajiri anayetaka kupunguza watu kwa sababu ya hali ya biashara hana ruhusa ya kubandika orodha ukutani asubuhi. Anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio lake, kueleza sababu, na kujadiliana na chama cha wafanyakazi au wafanyakazi wenyewe juu ya njia za kuepuka hatua hiyo, namna ya kuchagua watakaoondoka na malipo yao. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28 au malipo badala yake, na malipo ya likizo ambayo hakuichukua. Akiachishwa kazi mbali na mahali alipoajiriwa, sheria inampa na gharama za kusafirishwa hadi huko.

Anayeona ameonewa hupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) kwa kujaza Fomu Na. 1. Hapa ndipo wengi huangukia. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na madai mengine, kama ya mishahara, ndani ya siku 60. Mwajiri mjanja huahidi kila wiki kuwa fedha "iko njiani benki", na siku ya 31 hufika watu bado wanasubiri. Unaweza kuomba kuongezewa muda, ila utalazimika kutoa sababu nzito, na ahadi ya mdomo ni sababu dhaifu.

Mgomo nao una mlango wake. Lazima usuluhishi ushindikane kwanza, kura ipigwe, na mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Wanaoruka hatua hizo humpa mwajiri sababu ya kuwafukuza bila hata kufunga kampuni.

Kuna pia NSSF. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, mwanachama aliyepoteza kazi, ambaye amechangia angalau miezi 18, hupata fao la asilimia 33.3 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 6. Lakini michango isiyofika kwenye mfuko huleta fao lisilofika nyumbani. Mfanyakazi mwenye busara huomba taarifa ya michango yake kampuni ikiwa bado inapumua.

Na aliyeuza mali kauli?

Mkulima aliyepeleka tani tano za mahindi kwenye kinu, au mfanyabiashara aliyepeleka magunia na mafuta ya alizeti kwa ahadi ya kulipwa baadaye, hana chama wala CMA. Mfilisi akiingia, benki yenye dhamana hushika majengo na mitambo iliyowekwa rehani. Gharama za ufilisi hutolewa. Kodi za Serikali na sehemu ya mishahara ya wafanyakazi hupewa kipaumbele. Waliouza mali kauli husimama nyuma ya wote hao, na mara nyingi wakifika dirishani sanduku ni tupu.

Jambo hilo hugeuza uhusiano wa kawaida. Mkulima huweza kudhani kuwa wafanyakazi wanaogoma ndio wanaomcheleweshea malipo yake. Ukweli ni kwamba mshahara uliochelewa ni taarifa ya bure kwake. Kinu kisicholipa mpakiaji wa magunia hakitamlipa mwenye magunia. Mpakiaji huyo, akiulizwa vizuri getini, husema mengi kuliko meneja.

Tofauti nyingine ni ya umiliki. Aliyeuza mali kauli amekwisha kuhamisha mahindi yake, na alichobaki nacho ni deni. Aliyeyaweka ghala lenye leseni chini ya Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005 bado ni mwenye mahindi mpaka yauzwe, na karatasi aliyonayo inasema hivyo. Kwa asiye na ghala la namna hiyo karibu, kinachobaki ni kudai sehemu ya fedha kabla ya kushusha mzigo, na hati ya mapokezi yenye uzito, tarehe, bei na mhuri kwa kilichosalia. Msimu ukiwa mzuri na madalali wakiwa wamejaa Mazwi, karatasi hizo huonekana kero, na wanunuzi wengine hununa wakiombwa mhuri.