‘Afande, mimi nilikunywa jana!’

DAKIKA ya 88 Joselu alisawazisha. Dakika ya kwanza ya nyongeza akafunga la pili, na meza yetu pale Sinza nusura ipinduke na chupa zake zote. Ilikuwa usiku wa Mei 8, 2024, marudiano ya nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Real Madrid 2, Bayern Munich 1.

Jamaa yangu ni Madrid wa kutupwa. Alikaa kwenye kile kiti tangu saa 2 usiku, mechi ikaanza saa 4, na mpaka Alphonso Davies anawatanguliza Bayern alikuwa ameshamaliza bia nne, zile chupa kubwa. Baada ya filimbi ya mwisho akaita dada wa baa akaagiza mbili nyingine. Akaziita “za Joselu”, moja kwa kila bao.

Tuliondoka saa 7 usiku. Na hapa nataka nieleweke vizuri, kwa sababu watu wakisikia kisa hiki wanadhani tulikuwa wahuni. Gari hatukuligusa. Tulimwachia mlinzi wa baa kitu kidogo aliangalie, tukatembea kwa miguu mpaka kwake, dakika 10 hivi, tukiimba. Njiani tulijisifu kabisa. Wenzetu wanaendesha wamelewa, sisi tuna akili.

Saa 11:30 alfajiri alamu ikalia. Jamaa akaoga maji ya baridi, akapiga mswaki mara mbili, tukaenda kwa mama mmoja anayeuza supu. Supu ya mbuzi, chapati mbili, ndimu na pilipili za kutosha, kahawa chungu juu yake. Jasho likamtoka. Akasema kichwa kimefunguka, yuko fiti kama Valverde. Supu nililipa mimi. Na aliyesema, “Kaka, sasa uko freshi, twende zetu,” ni mimi pia. Nilikuwa nawahi kazini.

Saa 12 na dakika chache tuko Barabara ya Morogoro. Manzese, Mwembechai, mwendokasi yanatupita kwenye njia yao. Kwenye taa za Magomeni kulikuwa na bodaboda amesimama mbele, peke yake, anasubiri kijani. Taa ilikuwa nyekundu. Jamaa aliiona, ameniambia mara nyingi sana kwamba aliiona, na mimi namwamini. Ila mguu ulichelewa kufika kwenye breki. Hatukuwa tunakimbia hata kidogo, na bado tulimvunja yule kijana mguu wa kulia, chini ya goti.

Trafiki alipokuja na kile kifaa cha kupulizia, jamaa alikuwa anatetemeka lakini ana uhakika na jibu lake. “Afande, mimi nilikunywa jana. Leo sijagusa kitu zaidi ya supu.”

Afande, mtu mzima, hakumfokea. Alimwambia, “Kijana, mashine haijui jana wala leo. Puliza.”

Akapuliza. Alikuwa amezidi kiwango.

HESABU YA CHUPA SITA

Tangu siku ile nimejifunza hesabu ambayo kwenye diploma yangu ya uandishi hakuna aliyenifundisha. Ni rahisi kuliko hesabu za msimamo wa makundi ya CAF.

Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe halisi. Kazi ya kuiondoa inafanywa na ini, na ini la mtu wa kawaida linaondoa kama gramu 7 au 8 kwa saa. Basi. Haliongezi kasi kwa sababu unawahi kazini. Halina mchezaji wa akiba wa kuingia dakika ya 70. Kwa hiyo chupa moja inataka saa mbili na nusu, wakati mwingine karibu tatu.

Jamaa alikunywa sita. Hizo ni gramu 120, yaani kazi ya saa 15 mpaka 17. Alianza saa 2 usiku. Hesabu mwenyewe: ini lake lilikuwa linamaliza kazi kati ya saa 5 asubuhi na saa 7 mchana. Wakati tunakata kona ya Shekilango, saa 12 asubuhi, mtu wa kilo 70 kama yeye, kwa makadirio, bado ana miligramu zipatazo 100 za pombe katika kila mililita 100 za damu. Sheria yetu ya usalama barabarani inaishia 80. Na hata angesubiri mpaka saa 2 asubuhi akashuka chini ya hiyo 80, bado asingekuwa mzima. Macho yanaona, mguu unachelewa.

Sasa ile supu. Supu inakurudishia maji na chumvi, inakutoa jasho, unajisikia mtu. Kahawa inakufungua macho. Maji ya baridi yanakushtua. Hakuna hata kimoja kinachopunguza pombe kwenye damu. Vinachofanya ni kumfanya mtu aliyelewa ajisikie hajalewa, na kwangu mimi huyo ni hatari kuliko yule anayepepesuka nje ya baa saa 7 usiku, maana yule wa usiku wenzake watamnyang'anya funguo. Wa asubuhi wanampigia honi wapate lifti.

Usingizi nao hausaidii kama tunavyodhani. Ukilala saa nne, ini limefanya kazi saa nne, sawa na vile ungekaa macho unaangalia marudio ya mechi. Tena usingizi wa pombe ni wa kukatikakatika, kwa hiyo asubuhi unaendesha ukiwa na vitu viwili, pombe na uchovu.

KIPA WA PLYMOUTH

Kwenye soka kesi tunazozijua sana ni zile za usiku. Wayne Rooney alikamatwa Septemba 2017 mnamo saa 8 usiku, akafungiwa kuendesha miaka miwili na kupewa saa 100 za kazi za jamii. Hugo Lloris alikamatwa London Agosti 2018, hata miezi miwili ilikuwa haijatimia tangu anyanyue Kombe la Dunia akiwa nahodha wa Ufaransa. Faini pauni 50,000, kufungiwa miezi 20. Tuliwacheka mitandaoni, picha zikatengenezwa, maisha yakaendelea.

Ya asubuhi tunaisahau. Jermaine Pennant aligonga nguzo ya taa Jumapili asubuhi kule Aylesbury, Januari 2005, akafungwa. Alipotoka akarudi uwanjani na Birmingham City akiwa amevaa kifaa cha kielektroniki mguuni, chini ya soksi, kwa sababu kifungo chake kilikuwa hakijaisha. Hiyo nayo watu waliifanya kichekesho.

Lakini kuna ya Luke McCormick, na hiyo hakuna anayeweza kuicheka. Alikuwa kipa wa Plymouth Argyle, miaka 24, timu iko Championship. Juni 7, 2008, siku ambayo jioni yake Euro 2008 ilifunguliwa kule Basel, alikuwa kwenye barabara kuu ya M6 karibu na Keele asubuhi mapema, kabla ya saa 12, akitoka kwenye harusi ya mchezaji aliyewahi kucheza naye. Sherehe ilikuwa ya usiku. Ilikuwa imekwisha. Kipimo kikaonyesha pombe zaidi ya mara mbili ya kiwango, na kiwango cha Uingereza kule ni hichohicho cha kwetu, 80.

Aligonga gari la familia. Watoto wawili wa kiume, ndugu wa tumbo moja, mmoja ana miaka 10 na mwingine 8, walifariki. Baba yao, aliyekuwa anaendesha, aliumia vibaya.

Oktoba mwaka huohuo McCormick alihukumiwa miaka 7 na miezi 4. Alitoka 2012, na 2013 Plymouth wakamrudisha golini. Kuna mashabiki waliopinga kurudi kwake na kuna waliosema ametumikia adhabu yake. Mimi nimebadilisha mawazo kuhusu hilo zaidi ya mara moja. Nilikuwa namwona mtu wa ajabu, mlevi wa kuzaliwa. Siku hizi nikifikiria ile asubuhi yake naikumbuka supu yetu.

Na hapa kwetu, mashabiki tunaokodi kosta kufuata timu mikoani, tuulizane. Mechi inakwisha jioni, Dodoma au Mbeya, tumeshinda, tunalala hukohuko ili “dereva apumzike”. Dereva yuko wapi usiku ule? Nimesafiri na makundi hayo kikazi. Mara nyingi yuko meza moja na sisi, ananunuliwa, kwa sababu ni mwenzetu na amevaa jezi. Saa 11 alfajiri tunampigia mlango. Hakuna anayemuuliza alimaliza chupa ngapi na saa ngapi. Tunamuuliza kama mafuta yapo.

KIJIWENI MAGOMENI

Jamaa yangu alilipa hospitali, akafikishwa mahakamani, hayo ni yake na sitayaandika hapa. Gari ameuza.

Yule kijana wa bodaboda nilimtafuta miezi kadhaa baadaye. Nilimkuta kijiweni kwake, ameketi kwenye benchi, gongo pembeni. Ana vyuma mguuni. Haendeshi, anawaoshea wenzake pikipiki. Yake ilikuwa ya mkataba, na alikuwa amebakiza miezi minne tu iwe mali yake. Alipolazwa hesabu ikasimama, mwenye pikipiki akaichukua, akampa mtu mwingine. Aliyapanga hayo yote bila hasira, kama anamsimulia mtu mwingine, na mimi nilikosa pa kuangalia.

Kisha akaniuliza siku ile tulikuwa tumetoka kuangalia mechi gani.

Nikamwambia, Madrid na Bayern.

Akacheka kidogo. Na yeye aliiangalia, kwenye kibanda umiza cha Kigogo, mpaka mwisho. Yale mabao ya Joselu alishangilia vilevile.

“Ila mimi nilikunywa soda moja tu, braza,” akasema. “Nilikuwa na hesabu ya bosi asubuhi.”