Dawa ya Pumu Inapozidi Mwilini

Mgonjwa wa pumu akibanwa kifua usiku, kitu cha kwanza kushika ni inhela ya salbutamoli. Ni dawa nzuri, na simwambii mtu yeyote aiache. Mvuto mmoja hutoa mikrogramu 100 tu, na baada ya dakika chache misuli iliyobana mirija ya hewa hulegea. Lakini vipokezi vinavyoitikia dawa hii vimo pia kwenye misuli ya mikono na miguu, kwenye ini na kwenye moyo. Ndiyo maana aliyezidisha hutetemeka vidole, na moyo humwenda mbio.

Hayo anayahisi mwenyewe. Yaliyo hatari zaidi hayahisi. Potasiamu hutoka kwenye damu na kuingia ndani ya seli. Ikipungua sana, mapigo ya moyo huvurugika. Sukari hupanda. Asidi ya laktiki nayo hurundikana, na mwili huhema haraka ili kuipunguza makali. Hapo hata mhudumu wa afya anaweza kudanganyika: anamwona mgonjwa anahema, anadhani pumu haijatulia, anamwongezea dawa ileile.

Kwa vidonge vya aminofilini nina hofu kubwa zaidi, maana huuzwa kwa bei nafuu na watu huvizoea. Mwilini hugeuka kuwa theofilini, ambayo kiwango chake cha kutibu kimezoeleka kuwa miligramu 10 hadi 20 kwa lita ya damu. Ikipita hapo, mtu huanza kuhisi kichefuchefu, kutapika na kukosa usingizi. Ikizidi sana, moyo hupiga ovyo na degedege huweza kumwangusha. Na mtu aweza kuzidisha bila kuongeza hata kidonge kimoja. Akipewa siprofloksasini au erithromisini kwa ugonjwa mwingine, ini huchelewa kuiondoa theofilini. Mvutaji sigara akiacha sigara, hali huwa hiyohiyo. Kwa hiyo mtajie mfamasia kila dawa unayotumia.

New Zealand ilipata funzo chungu. Inhela ya fenoterol, dawa ya kundi moja na salbutamoli, ilianza kutumika huko mwaka 1976, na vifo vya pumu vikapanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 uliihusisha dawa hiyo na vifo hivyo. Ilipowekewa vikwazo, vifo vikashuka.

Inhela ya salbutamoli ikiisha kila mwezi, pumu yako haijadhibitiwa: uvimbe ndani ya mirija unaendelea, na salbutamoli haiugusi. Unahitaji inhela yenye steroidi. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA haupendekezi tena watu wazima na vijana kutibiwa kwa salbutamoli peke yake.

Ukibanwa na inhela isikupe nafuu, nenda hospitali haraka. Huko hupewa dozi kubwa kuliko za nyumbani, lakini pamoja na oksijeni, huku moyo na potasiamu vikiangaliwa. Mtoto akinywa sharubati ya salbutamoli au kumeza vidonge vya aminofilini, usimtapishe. Mkimbize hospitali, na chupa au pakiti ya dawa uibebe.